Mbebaji wa Nyuma

Haya yalimkuta rafiki yangu Kyubei, mbeba machela wa mji wa Edo, Japani, mwaka wa mwisho wa enzi ya Keio, maiti za wapiganaji wa shoguni, mtawala aliyeng'olewa, zikiwa bado mlimani Ueno bila kuzikwa.

Yeye na mwenzake Matazo walimbeba mkunga kwenda kwa mwanamke mwenye uchungu. Mvua, giza totoro. Kyubei, aliyekuwa mbele, aliita, “Ei!” Nyuma akajibiwa, “Hoi!” Wakavuka daraja, wakaupita mlima wa Ueno.

“Leo una mbio, Matazo! Umekula nini?”

“Hoi!”

Walipofika, Kyubei akatua upande wake. Mara Matazo akatokea gizani mbio, anahema. “Wee Kyubei! Mbona umeniacha darajani?”

Kyubei akageuka. Nyuma, mti wa machela ulikuwa ungali juu, usawa wa bega.

“Jamani, naanguka!” mkunga akafoka kutoka ndani. “Tueni na huko nyuma!”

“Hoi!”