Kura ya Arobaini na Moja

Kura za kumfukuza shemeji yake zilitoka arobaini na moja, na Mwenyekiti alikuwa amepika arobaini tu.

"Labda kuna mjinga mmoja aliyeniamini kweli," alijichekea, akipapasa kitambi.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwake. Chini ya meza, ndani ya kreti la soda, zilipangwa simu kuukuu arobaini, kila moja na mwanachama wake hewa aliyetungiwa jina, picha, hata maradhi. Mmoja alikuwa bibi mjane mwenye magoti mabovu. Mwenyekiti alimpenda huyo kupita wote.

Mradi wenyewe ulikuwa sarafu ya mtandaoni ya jumuiya. Shemeji, kaka wa mkewe, aliandika programu. Mwenyekiti alileta mdomo. Na mdomo huo ndio uliong'ang'ania sheria moja: wanachama wakipitisha jambo, programu itekeleze papo hapo, na asiwepo binadamu wa kutengua. Asubuhi hiyo programu ikamfungia nje aliyeiandika.

Shemeji alikuja kuchukua kompyuta yake. "Umenichinja mchana kweupe, shemeji."

"Mimi tena? Wanachama wamesema."

Shemeji alilitazama kreti chini ya meza. "Basi Mungu awape uhai wanachama wako." Akaondoka, hata chai ya dada yake hakuigusa.

Adhuhuri kreti likaanza kunguruma. Chumba kikanuka nywele zinazoungua. Mwenyekiti akaokota simu ya mjane.

*Magoti yananiuma, mwanangu. Ulinitunga vibaya.*

Akachomoa betri, na simu ikaendelea kuandika mkononi mwake, na nyingine zote zikawaka, nyuso alizoziokota mtandaoni zikamgeukia moja baada ya nyingine, zikipepesa macho kama watu walioamshwa, na kutoka ndani ya kreti ikapanda minong'ono mingi iliyokuwa sauti moja.

"Uliacha majina matupu, milango wazi. Tumehamia."

"Ny... nyinyi nani?"

"Wapiga kura wako. Na leo tuna hoja: Mwenyekiti aondolewe kwa watu wake. Uso wake apewe mwenzetu wa arobaini na moja, ambaye hukumtungia wa kwake."

Akampigia shemeji kwa simu yake mwenyewe. "Nisamehe, kaka yangu! Izuie!"

"Ningekupigia kura ya hapana," shemeji akajibu taratibu, "lakini mimi si mwanachama."

Simu zote zikalia mara moja. Imepita.

Alikimbia hadi jikoni, akajigonga mlangoni, akamkuta mkewe akimenya vitunguu kama kila siku, akamshika mkono, na mkono ule aliouzoea miaka kumi na tisa ukaruka kama umeguswa na moto.

"Wewe nani? Umeingilia wapi?"

"Mke wangu, ni mimi!"

"Baba Watoto!" mke akapiga yowe kuelekea ofisini. "Njoo, kuna mtu humu!"

Hatua zikasikika ukumbini, nzito, bila haraka. Aliyetokea mlangoni alikuwa na shati lake Mwenyekiti, sauti yake na uso wake, na alikuwa akipapasa kitambi.

"Tulia, mke wangu," akasema, akitabasamu. "Huyo si mtu. Ni mwanachama hewa tu."