Aliyemfuta Kogo

Jumamosi ile soko kuu la Nakuru lilikuwa limefurika watu. Chepkirui alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo la avokado, gauni lake la manjano amelikusanya magotini, jicho moja nyuma ya kamera. Siku za kazi aliuza dawa kwenye duka moja mjini. Siku za mapumziko zote alizimaliza akipiga picha, kwa raha yake tu, na kamera aliyoinunua mtumba. Alipobonyeza, mwanamume mrefu mwenye jaketi la buluu la kazi akajitokeza katikati ya picha.

"Madam, umenipiga picha?"

"Umejipiga mwenyewe. Mimi nilikuwa na avokado zangu."

"Hebu nione kama nimeziharibia picha."

Akainama kutazama kioo kile kidogo. Pichani alikuwa akicheka na mama muuzaji, meno yote nje.

"Kumbe mimi ni handsome hivi?"

"Ni kamera hiyo, boss. Usijisifu."

"Basi nipe namba yako unitumie."

"Unataka namba au picha?"

"Picha inaweza kungoja."

Jina lake lilikuwa Ogola, mtoto wa Nakuru, mjukuu wa fundi wa reli. Alikuwa fundi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria na alirudi mjini wikendi tu. Kwa hiyo mapenzi yao yaliota kwenye simu. Alimpigia akitoka shifti, mvuke ukinguruma nyuma yake.

"Mrembo, leo umepiga nini?"

"Mzee mmoja pale stendi, amevaa kofia tatu."

"Na mimi utanipiga lini tena?"

"Ukija. Lakini unyoe hizo ndevu, mhandisi wangu."

Kisha Chepkirui akajiunga na kikundi cha wapiga picha wenzake, watu waliokutana Jumapili baada ya kanisa wakaenda ziwani au kwenye kreta ya Menengai. Humo alikuwemo Jerry, fundi wa kompyuta, kijana mwembamba wa miwani. Jerry ndiye aliyemfundisha kuusoma mwanga. Jerry ndiye aliyemwazima lenzi ndefu. Jina hilo likaanza kujaa kwenye simu, na kule Olkaria Ogola akaanza kulihesabu.

Siku moja Chepkirui aliweka kwenye status picha yake mwenyewe ukingoni mwa Menengai, Ogola akaiona. Upepo ulikuwa umempeperushia skafu nyekundu, naye alikuwa akicheka, kichwa nyuma, shingo yote wazi.

"Nani alikupiga?" akauliza alipompigia, kabla hata ya salamu.

"Jerry. Si ni nzuri?"

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Ah, Ogola! Nani anakumbuka alichekea nini?"

Ogola hakulala vizuri. Kilichomuuma hakikuwa kicheko. Kilimuuma kwamba kuna mtu alikuwa amesimama karibu, akangoja kicheko kile, akakijua kinakuja.

Wikendi iliyofuata alimkuta kwake mtaa wa Free Area, amerudi jana yake kutoka kwao Subukia, anang'aa kwa furaha.

"Nina kitu cha kukuonyesha. Ngoja nilete maziwa ya chai kwanza."

Alipotoka, Ogola akaichukua kamera mezani, akaanza kupitia picha. Jerry akila mahindi. Jerry amelala kifudifudi kwenye nyasi akilenga flamingo. Jerry akimchekea aliyeshika kamera. Damu ikampanda kichwani. Akaifungua menyu, akatafuta, akabonyeza kufuta zote. Kioo kikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Chepkirui akarudi na pakiti ya maziwa mkononi. Alimwona ameshika kamera, akatabasamu.

"Umeshaziona? Umemwona kogo?"

"Kogo gani?"

"Nyanya yangu! Maisha yake yote amekataa kupigwa picha. Juzi amekubali, akanikalia asubuhi nzima akichuma kahawa. Amesema ni mara moja tu, nisimuulize tena."

Chepkirui akaichukua kamera, akabonyeza, akabonyeza tena. Hakukuwa na picha hata moja.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa nafuta za yule Jerry wako."

Chepkirui hakupiga kelele. Akaichomoa kadi ya kamera, akamtupia kifuani.

"Chukua. Si ndiyo uliyokuwa unaitaka? Sasa toka kwangu."

Wiki ile Ogola alipiga simu hazikushikwa, akaandika ujumbe haukujibiwa. Mwenzake wa shifti, Kipkemoi, ndiye aliyemwambia kwamba picha zilizofutwa mara nyingi huwa bado zimo kwenye kadi, mradi hakuna nyingine iliyopigwa juu ya hizo. Zinahitaji tu mtu anayejua kompyuta.

Nakuru nzima, Ogola alimjua mtu mmoja wa kompyuta.

Jerry aliinua macho kutoka kwenye meza yake ya kazi. "Wewe ni Ogola."

"Ni mimi. Nimefanya ujinga." Akaiweka kadi mezani.

Wakakaa bega kwa bega huku mashine ikitafuta. Picha zikaanza kurudi: flamingo, Jerry na mahindi yake, kisha bibi kizee mwenye kitambaa cha kijani, mikono ndani ya matawi ya kahawa. Nyingine zilirudi nusu, chini zimekuwa kijivu kitupu. Ile ambayo kogo alikuwa ameanza kucheka ilikatikia puani.

"Hii hairudi zaidi ya hapa," Jerry akasema.

Ogola akamgeukia. "Unampenda Chep?"

"Nampenda. Nilimwambia kule Menengai. Akasema ana mtu wake Olkaria."

"Na bado unanisaidia?"

"Sikusaidii wewe, boss. Hizi ni picha zake."

Ogola alimwandikia kwamba picha nyingi zimerudi, na safari hii Chepkirui akajibu. Walikutana bustani ya Nyayo, Chepkirui akiwa bado na koti jeupe la kazini. Ogola alimpa kadi, akamweleza yote: nani amezirudisha, ngapi zimeharibika kabisa, na alichoambiwa na Jerry.

"Najua ananipenda," Chepkirui akasema. "Ningekuambiaje? Ulikuwa unamtafuta Jerry hata kwenye avokado."

"Naona wivu, Chep. Sitakudanganya kwamba umeisha."

"Sasa ukikushika tena utafanya nini?"

"Nitakuuliza wewe. Hata kama jibu litaniuma."

Chepkirui akaitia kadi mfukoni. "Jumapili naenda Subukia. Twende ukamwambie kogo mwenyewe."

Kogo alisikiliza yote akiwa ameketi nje ya jikoni lake, fimbo mapajani. Ogola alimaliza kueleza.

"Huyu ndiye aliyenifuta?" kogo akamuuliza mjukuu wake.

"Ndiye, kogo."

Akapiga benchi kwa kiganja. "Kaa hapa karibu na mimi, atupige wote wawili. Siku nyingine ukitaka kunifuta, ujifute na wewe."

Chepkirui akacheka hadi kamera ikatetemeka. Alikuwa amewapiga picha kadhaa wakati simu yake ilipolia kwenye kigoda, kando ya Ogola. Jina la Jerry likawaka. Ogola aliliona, na wivu ukamshika kama zamani. Akanyanyuka, akampelekea.

"Jerry anakupigia," akasema.

Chepkirui akamsoma uso. "Imekuuma?"

"Imeniuma."

"Pole, mpenzi," akasema, akambusu shavuni mbele ya kogo, kisha akashika simu.