Vifaranga Juu ya Saruji

Ilikuwa Julai. Huko Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Emilia aliinjika uji, kisha akaenda bandani kuwaangalia vifaranga wake.

Ishirini walikuwa wamekufa. Wengine walirundikana kwenye kona, wakilia.

"Sadock!" alimwita mumewe. "Yule Edson wa Makambako ametuuzia vifaranga wagonjwa! Leo atanitambua!"

"Ajabu, jiko la mkaa limewaka humu usiku kucha," alisema Sadock. "Tumwite kwanza Bi Tabea."

Bi Tabea, afisa mifugo wa kata, alikuja akawakagua.

"Hawa hawana ugonjwa, mama. Vua kandambili, ukanyage sakafu hii ya saruji."

"Yuuu! Inauma!"

"Sasa kanyaga ubao huu."

"Afadhali."

"Lakini saruji na ubao vimelala chumba kimoja, baridi yake ni moja. Saruji hunyonya joto la mguu wako haraka. Ubao hunyonya polepole. Bati la ukutani nalo hupitisha joto nje upesi. Jiko linatoa joto, sakafu na bati vinalimaliza."

"Tufanye nini?"

"Mwageni maranda ya mbao, unene wa kiganja. Ndani ya maranda kuna hewa iliyotulia, na hewa hiyo haipitishi joto upesi. Kwenye bati bandikeni maboksi. Acheni nafasi juu, hewa chafu ya mkaa itoke."

Emilia alizidi kukasirika. "Maranda! Pale kwenye mashine ya mbao wanayachoma kila siku! Na Edson hakusema neno!"

Siku hiyohiyo walibeba magunia sita ya maranda. Jioni vifaranga walitawanyika, wakala. Hakufa mwingine.

Wiki iliyofuata Emilia alikwenda Makambako.

"Bwana Edson, ulijua kwetu ni baridi. Kwa nini hukuniambia habari za sakafu?"

"Mama, hukuuliza."

"Ningeulizaje nisichokijua?"

Wakati huo aliingia mama mmoja kutoka Iwawa, nako kwenye baridi kali, akitaka vifaranga.

"Dada, sakafu yako ni ya nini?" Emilia alimwuliza.

"Saruji."

"Haya, Edson. Mweleze!"

Edson alieleza, macho chini. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwaka jana nilinunua hapahapa. Walikufa wote. Nikadhani nina mkosi."



Siku hizi Edson hamkabidhi mtu vifaranga kabla ya kumwuliza atawaweka juu ya nini.