Chuma cha Kiprugut

Nilikuwa nimeenda Naivasha kununua vitunguu, basi. Mimi nilikuwa nauza vitunguu pale Bondeni, Nakuru, na mume wangu Miraji alikuwa na lori, kwa hiyo nilikwenda bure na nilikuwa narudi bure. Jua lilikuwa linazama upande wa Elmenteita. Nyuma tulibeba ngozi mbichi za ng'ombe, mali ya Dualeh, na uvundo wake ulikuwa umeshaniingia hadi kwenye nywele.

Lori lenyewe, tuseme lilikuwa letu nusu. Dualeh, mfanyabiashara wa ngozi, ndiye aliyetukopesha pesa za kulinunua, na sharti lake lilikuwa fupi: mzigo ukichelewa mara moja, lori analichukua. Kukopa harusi, kulipa matanga. Miraji alikuwa bado anacheza harusi. Mimi matanga nilishaanza kuyasikia.

Karibu na Kariandusi, kitu kikalia chini yetu.

Ta!

Lori likaketi upande mmoja. Miraji akaingia chini yake, akatoka amekunja uso. Springi ya nyuma ilikuwa imevunjika. Kile chuma kirefu cha juu kilikuwa vipande viwili. Fundi wa gereji kule mjini hangekuja, maana naye tulikuwa na deni lake la tangu Ramadhani, na alishatuambia tusimwamkie hata njiani. Mnunuzi wa ngozi alikuwa anatungoja alfajiri. Tena ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari. Gari likilala barabarani, askari walipiga kwanza, kuuliza baadaye.

Juu yetu mlimani tuliona moshi. Kwa mhunzi.

Watu wa huko huwaogopa wahunzi, na mimi sokoni nilikuwa nimeambiwa sababu. Mhunzi asipolipwa, hupiga fuawe lake, kile chuma anachofulia, likiwa baridi, bila chuma cha moto juu yake. Anapiga polepole. Na mdaiwa, popote alipo, huvunjika. Miraji, mtoto wa mjini, alikuwa akisikia maneno hayo anacheka mpaka anashika mbavu. Jioni ile hakucheka. Alibeba vile vyuma begani akapanda mlima mbio, mimi nyuma yake.

Mhunzi aliitwa Kiprugut. Mkewe, Chepkosgei, alikuwa anavuta mvukuto bila kututazama. Kiprugut aliviunga vile vipande kwa moto na nyundo. Miraji alipoanza kupapasa mfuko wake mtupu, mzee akatikisa kichwa.

"Mimi hapana taka pesa," alisema. "Mwenye gari alete kondoo dume. Damu kidogo imwagike kwa hii chuma. Hii mzigo ya leo iende. Ya pili, hapana, mpaka chuma ikunywe."

Nikamuuliza, na tukichelewa?

Akanitazama kwa huruma. "Mimi hapana dai, mama. Nyundo ndiyo inadai."

Miraji akaapa mbele yake kwa viganja viwili. Na mzigo ulifika kwa wakati, alhamdulillahi. Ila Dualeh alikata deni lake kwenye nauli, tukabaki na sumni mbili tatu za unga. Kondoo nikamnunua mimi, kwa pesa za vitunguu vyangu, nikamfunga nyuma ya nyumba. Nilimwambia Miraji achinje kesho yake kwa bismillahi kama tunavyochinja siku zote, nyama tule na majirani, damu tuimwagie chuma kama mzee wa watu alivyotaka. Akasema sawa, sawa. Akanywa chai. Akasema sawa tena.

Dualeh akatutangulia. Alikuja alasiri ile ile na magunia ya chumvi ya kuhifadhia ngozi, akitaka lori liondoke saa ile ile kwenda Naivasha. Alikuwa anatoka jasho. Naye alikuwa anadaiwa, ngozi zake zilikuwa zinaoza, nami ningemwonea huruma kama macho yake hayakutua kwa kondoo wangu.

"Huyu ni wa mhunzi," nilimwambia.

"Mhunzi hayupo hapa, mimi nipo," alisema. "Mpaka mmalize kunilipa, lori ni langu. Springi ni yangu. Na huyu kondoo ni wangu."

Alipoishika ile kamba, nilimpiga mchi wa mkono. Akanisukuma ukutani. Nikamrukia ndevu, na Wallahi ningezing'oa, lakini mume wangu akaja mbio kuamua... akanipiga mimi. Ngumi ya mdomo. Nilitema jino langu kwenye vumbi, Dualeh akiangalia. Mwanamume mwenye deni humwogopa anayemdai kuliko Mungu, na hasira zake huzileta nyumbani. Sijamsamehe mpaka leo.

Wakampakia kondoo juu ya chumvi, Dualeh akaketi mbele na Miraji. Nami nikapanda nikaketi karibu naye, damu imejaa kinywani, kisu cha jikoni nimekifunga ndani ya kanga. Hawakunishusha. Nadhani waliona haya. Nilikuwa nimeshakata shauri: kwa vile walikataa kunisikia, tukifika Kariandusi nitachinja mwenyewe, mwanamke au si mwanamke, maana nilimpenda yule mjinga aliyekuwa kwenye usukani na sikutaka avunjike.

Jua likazama. Lori likaanza kupanda mlima, linanguruma.

Ngo...

Kondoo akasimamisha masikio.

Ngo... ngo...

Ilikuwa sauti ya nyundo kwenye chuma kitupu, polepole. Ilitoka mlimani, halafu ikatoka chini yangu, ndani ya lori. Nikasikia harufu ya chuma cha moto. Nikaweka kiganja juu ya mbao za sakafu, nikakiondoa haraka. Ziliunguza.

Nikagonga kibanda cha dereva kwa ngumi mbili. Miraji akasimamisha gari, akashuka na taa ya chemli, Dualeh akamnyang'anya. Alitukana springi, akamtukana mhunzi, akainama kando ya gurudumu kuangalia. Mimi juu nilishamlaza kondoo kwa goti. Nilitafuta shingo yake gizani.

"Bismi—"

Ta!

Lori lilianguka upande. Kisu kikateleza kikakata kamba badala ya shingo, nami nikatupwa barabarani na magunia. Nilipoinua kichwa, Dualeh alikuwa amepiga magoti. Chuma kilikuwa kimekatika na kufyatuka kutoka chini, kikamwingia hapa, chini ya kidevu, pale pale tunapochinjia. Alijaribu kukishika kwa mikono miwili, na viganja vyake vikaungua. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo na kumwagikia kile chuma.

Tssss...

Kama maji kwenye kaa la moto. Chumvi yote iliyomwagika ikawa nyekundu. Alipiga mateke mara chache, akaacha.

Kiprugut akateremka mlimani na mkewe, wanahema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, umevimba hadi vidoleni. Nikamrukia kwa matusi. Nikamuuliza kwa nini, na kondoo alikuwa njiani.

"Mimi hapana piga," alisema kwa kunong'ona. "Mkono imevunjika tangu asubuhi. Nyundo iko kwa nyumba, na hakuna mtu kwa nyumba." Akatazama maiti. "Huyu alisema gari ni yake?"

Nikasema ndiyo. Alisema mbele yetu sote.

Mzee akafumba macho. "Basi alichukua gari na deni yake. Imekwisha kwake. Sasa hii gari isiwe ya mtu. Muiache hapa."

Miraji alikuwa amekaa chini, anachezea chumvi ile nyekundu. Halafu akaanza kucheka, taratibu, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Deni halikuwa na karatasi. Dualeh hakuwa na mtoto wala ndugu Nakuru. Niliona wazo hilo likimwingia kichwani, nikamkimbilia nimzibe mdomo.

"Mama Hadiya," aliniambia, "sasa lori ni langu."

Ngo...

Kiprugut alikuwa hapo hapo kando yangu, na Chepkosgei ameshika nguo yake. Juu mlimani hapakuwa na mtu.

Nikapiga magoti, nikaanza kumtafuta kondoo kwa mikono gizani, kwenye majani, chini ya magunia. Nilishika kipande cha kamba. Kondoo sikumpata.