Mfuko Uliochanika Mara Nne

"Nguo hainidanganyi!" Fundi cherehani alimwambia hivyo kila mteja aliyeingia kibandani kwake. "Niletee nguo iliyochanika, nami nitakwambia mwenyewe alikuwa wapi."

Siku hiyo alishika suruali ya mwashi mmoja, akaigeuza mara moja tu.

"Ulipita kwenye seng'enge."

"Nilipita mlangoni," mwashi alisema.

"Mlango wako una miba?"

Mwashi akajikuna nyonga. Fundi akatabasamu hadi jino la mwisho.

Fundi alikuwa na binti wa darasa la tano. Kwa wembamba wake, nyumba nzima ilimwita Sindano. Jioni ile alirudi kutoka shule, mfuko wa gauni lake ukining'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbia sana.

"Tena?" Fundi alifoka. "Hii mara ya tatu mwezi huu! Unafuga panya mfukoni?"

"Hapana, baba."

"Basi mfuko umejichana wenyewe. Umechoka kuwa mfuko."

Sindano hakucheka. "Baba, nataka kukuambia kitu..."

"Ngoja nimalize mshono huu."

Ukaisha mshono huo, ukaja mwingine. Mishono ya fundi haiishi. Mtoto alingoja, akachoka, akaondoka. Baba mtu akaushona ule mfuko kwa uzi maradufu, akajisifu moyoni.

Asubuhi Sindano alishika tumbo. "Linauma. Sitaki shule tena."

"Jumamosi na Jumapili haliumi," mama yake alisema. "Tumbo gani hili lenye ratiba?"

Akapewa mkoba wake, akatolewa nje. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wiki haikuisha, mfuko ukachanika mara ya nne. Safari hii ulitoka na kipande cha gauni. Fundi alilibwaga gauni mezani, mbele ya mteja aliyeleta koti lake lishonwe bitana. Mteja huyo alikuwa mtafiti wa saikolojia. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na watoto na vijana kuhusu mambo wanayotendewa yakawaumiza, ili zipatikane njia za kuyazuia. Fundi alimwita Mama Maswali, tena mbele yake, bila haya.

"Tazama, Mama Maswali! Mara ya nne hii! Nimezaa mtoto anayekula mifuko!"

"Si unasema nguo haikudanganyi?"

"Hata siku moja."

"Haya, nisomee hii."

Fundi akavaa miwani. "Rahisi. Msumari huacha tundu. Seng'enge huacha mkwaruzo. Hapa mshono umeachia kutoka juu kwenda chini, pande zote mbili. Huu ni mkono. Mkono uliingia, ukavuta kwa nguvu. Mkono wa mtu mkubwa kuliko..."

Akavua miwani.

"Kuliko nani, fundi?"

Gauni likamponyoka. Akanyakua mkasi. "Leo watanitambua!"

"Akina nani?"

"Hao!"

"Hao akina nani?"

Fundi hakuwajua. Alikuwa anakwenda vitani bila kumjua adui.

"Weka mkasi," Mama Maswali alisema. "Ukienda na hasira, wewe utarudi hapa kibandani. Binti yako atabaki nao kule shuleni. Muulize yeye kwanza. Weka kazi kando, ongea taratibu, msikilize mpaka mwisho."

"Hilo tu? Dogo sana hilo!"

Dogo kweli. Jioni ngurumo yake ilisikika nyumba ya tatu: "Sindano! Nani kakuchania gauni? Sema! Na kwa nini umenyamaza muda wote huu?"

Sindano akafunga mdomo kama zipu.

Kesho yake Mama Maswali alifuata koti. Koti halikuwa tayari.

"Nimemuuliza, hasemi," Fundi alilalamika.

"Ulimuulizaje?"

Fundi akamwonyesha. Mwanamke wa watu akashika kichwa.

"Fundi wewe! Hayo ni mahojiano ya mwizi! Ukimwuliza kwa nini ulinyamaza, yeye anasikia kwamba kosa ni lake. Watoto wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa kulaumiwa. Wanasema kwa njia nyingine. Tumbo linauma siku za shule tu. Vitu vinapotea. Nguo zinachanika. Binti yako amekuambia mara nne. Kila mara ulishona, ukamrudisha kule kule."

Fundi akalikunja gauni polepole, bila kulishona.

Jioni aliondoa mguu kwenye pedeli. Kibanda kikawa kimya. Sindano akashtuka.

"Baba, cherehani imeharibika?"

"Haijaharibika. Nataka kukusikiliza."

Sindano alitazama ile cherehani iliyosimama. Kisha maneno yakatoka. Wasichana watatu wa darasa la saba humngoja kwenye bomba la maji. Humnyang'anya kalamu mfukoni. Humlazimisha kuwaandikia kazi zao. Wamesema akisema, watamfungia chooni.

Mkono wa Fundi ukaanza kutafuta mkasi. Akaukalia mkono huo.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Nakuamini. Kosa si lako."

"Usimwambie mtu, baba."

"Hilo siwezi kukuahidi, mwanangu. Mwalimu lazima ajue ili akulinde. Lakini tutakwenda pamoja, na kila hatua nitakueleza."

Wakaandika siku, mahali na majina kwenye karatasi, kesho yake wakaenda shuleni pamoja.

"Aa, michezo ya watoto tu hiyo," mwalimu mkuu alisema.

Fundi akavuta pumzi ndefu. Akatandaza gauni mezani, na ile karatasi juu yake. "Mwalimu, nimesoma nguo miaka ishirini. Huu si mchezo. Soma na wewe."

Mwalimu akasoma, akaacha kutabasamu. Tangu siku hiyo mwalimu wa zamu alisimama bombani kila mapumziko. Wazazi wa wale watatu waliitwa, kalamu zikarudi. Mwalimu wa ushauri akakaa na wasichana hao. Kumbe mmoja wao alitendewa vile vile na wakubwa zake, naye hakuulizwa na mtu.

Tumbo la Sindano likasahau ratiba. Mfuko ukakaa muhula mzima. Na kila Ijumaa jioni cherehani ilisimama, baba na binti wakazungumza.

Siku moja yule mwashi alirudi na suruali nyingine. Fundi alikuwa akitamba.

"Mfuko wa binti yangu niliutazama mara moja tu, nikajua anaonewa. Mara moja!"

"Baba." Sindano alikuwa nyuma ya pazia, akipanga vifungo. "Mara ya nne."

Mwashi akamgeukia Fundi polepole.

"Mlango wako una miba?"

Fundi akajikuna nyonga.