Bi Nimeelewa na Mlinzi wa Mayai

Kila alipotoka shule, msichana yule alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akakimbilia chumba cha uani ambamo shangazi yake alifanyia kazi. Nyumbani walimwita Bi Nimeelewa. Jina hilo alipewa na kaka yake, na alilistahili. Ukimweleza jambo lolote, aliitikia kwa kichwa kabla hujamaliza, akasema, "Nimeelewa." Mara nyingi hakuwa ameelewa hata robo.

Shangazi alikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta, lakini si zile za mezani. Alishughulikia kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya vitu vingine: ndani ya pampu ya maji, ndani ya mizani, ndani ya taa za barabarani. Siku zile alikuwa akitengeneza kasha la kutotolesha vifaranga. Lilikuwa la jirani yao, mfugaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kuku.

"Njoo, leo tunapika mfumo," alisema shangazi.

Bi Nimeelewa alitupa macho huku na huku. Hakuona jiko wala sufuria. "Nimeelewa," alisema.

"Kompyuta ya hili kasha ni ndogo kuliko kiberiti. Haiwezi kubeba kila kitu kinachobebwa na hii ya mezani. Kwa hiyo tunachagua vinavyohitajika tu, kama unavyofunga begi dogo la safari. Ikishakuwa na vichache, inafanya kazi haraka, na vya kuharibika vinakuwa vichache pia. Kiini usikiguse. Umeelewa?"

Kiini alichokijua yeye kilikuwa cha manjano na kilikaa ndani ya yai. Sasa kiini cha kompyuta kilikaa wapi? "Nimeelewa, shangazi."

Shangazi alimfungulia orodha ndefu kwenye skrini. Mbele ya kila jina palikuwa na alama ya vema. "Kasha linapasha joto, linageuza mayai na linaonyesha joto ni kiasi gani. Kisichosaidia kazi hizo, kiondolee alama. Ukikwama, niulize." Halafu akavaa miwani yake ya kazi na kuinamia waya alizokuwa akiunganisha.

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Michezo? Mayai hayachezi, toka. Mashine ya kuchapa? Toka. Muziki? Toka. Kisha akafika kwenye jina lililomkwamisha: *Mlinzi. Hukaa kimya mpaka mfumo uache kuitika.*

Alisoma mara ya pili. Mlinzi wa nini? Nani angeiba mayai kutoka ndani ya kompyuta? Na mlinzi gani huyo anayekaa kimya tu? Aligeuka kumtazama shangazi, akafungua mdomo, akaufunga. Alishasema ameelewa. Akiuliza sasa, ataonekanaje? Tena kaka yake alikuwa mlangoni akimenya chungwa, akisubiri tu apate la kumcheka.

"Mbona umetoa macho? Bi Nimeelewa hujaelewa?"

"Nimeelewa, bwana! Kwenda huko!"

Akaondoa alama. Mlinzi akatoka.

Jioni mfumo ulikuwa tayari. Shangazi aliusifu kwa udogo wake, akauweka kwenye kasha, wakalipeleka kwa Mama Kuku. Mama Kuku alipanga mayai mwenyewe, moja moja, kama mtu anayelaza watoto wachanga.

"Jirani, kuku wangu wengi waliisha kwa ugonjwa," alisema. "Nikitaka kuanza tena, tegemeo langu ni haya."

Bi Nimeelewa alipewa kazi ya kuongeza maji kwenye trei ya chini kila akitoka shule. Aliipenda. Alizoea kuona kwamba akifunua kifuniko, namba ya joto kwenye kioo inashuka kidogo, na akikifunika inapanda tena mpaka thelathini na saba na nusu.

Siku moja, mayai yakiwa yamekaribia kuanguliwa, alifunua kifuniko kama kawaida. Namba haikushuka. Thelathini na saba na nusu. Akapunga mkono juu ya mayai ili hewa iingie. Thelathini na saba na nusu. Akashika yai. Lilikuwa la baridi.

Alisimama pale akiwa na yai mkononi. Kioo kinasema joto, mkono unasema baridi. Kipi kinadanganya? Labda mikono yake ina baridi kwa sababu ya maji. Aliipangusa kwenye sketi na kuisugua mpaka ikapata moto, akashika yai jingine. Baridi vilevile.

Alimkuta kaka yake nje ya geti. "Kaka, njoo ushike yai. Kioo kinasema lina joto, lakini halina."

"Kompyuta imeandika thelathini na saba na nusu, wewe unabisha? Basi wewe ndiye kipimajoto!"

Alitamani kumwamini. Ingekuwa rahisi kufunika kasha na kwenda zake. Lakini ile baridi ilikuwa bado kwenye vidole. Akatimua mbio kwenda kwa shangazi.

Shangazi hakubisha. Alikuja na ndara zake, akatazama kioo, akashika yai. "Imeganda," alisema.

"Ganda la yai?" aliuliza Bi Nimeelewa.

"Mfumo umeganda! Umekwama palepale ulipofika. Namba hii ni ya zamani. Umekwama wakati joto limezimwa, basi halikuwashwa tena." Alizima kasha na kuliwasha upya. Namba ikafifia, ikarudi: ishirini na nane. Mama Kuku, aliyekuwa ameingia nyuma yao, akashika kichwa.

"Lakini hili halikupaswa kutokea," shangazi alisema, amekunja uso. "Mlinzi angeliwasha mwenyewe. Jirani, kweli hukuchomoa waya? Hakuna mtoto aliyechezea swichi?"

"Mimi? Nichomoe waya wa mayai yangu mwenyewe?" Mama Kuku aling'aka. "Hata kufagia karibu nalo naogopa!"

Mlinzi. Bi Nimeelewa alilikumbuka jina lile kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angenyamaza, lawama zingebaki kwa Mama Kuku, au kwa waya, au kwa umeme.

"Si yeye, shangazi. Mlinzi nilimtoa mimi."

"Ulimtoa? Kwa nini?"

"Sikujua analinda nini. Nilisema nimeelewa, lakini sikuelewa. Hata kupika mfumo sikuelewa. Na kiini."

Shangazi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza. Mlinzi ni kama mtu anayekupigia hodi kila mara. Ukiitika, anaenda zake. Usipoitika, anajua umezidiwa, anaingia na kukuamsha. Mfumo ukiganda, yeye ndiye anayeuzima na kuuwasha upya. Kukaa kimya ndiyo kazi yake. Na kupika ni kuunganisha programu tulizochagua ziwe mfumo mmoja; kiini ni programu ya katikati inayoziendesha zote, ndiyo maana nilikukataza kukigusa."

"Sasa nimeelewa," alisema binti, na machozi yakamtoka.

"Futa machozi, tuna kazi."

Walipika mfumo upya siku hiyohiyo, mlinzi akiwa ndani. Joto lilipotulia, Mama Kuku alifunga madirisha, akamulika yai kwa tochi. Ndani ya ganda, kivuli kidogo kilijinyoosha.

"Kinacheza!" alinong'ona Mama Kuku.

Si yote yaliyopona. Mayai yalipoanguliwa, mengine yalibaki kimya, na Bi Nimeelewa ndiye aliyeyaondoa kwenye kasha kwa mikono yake na kumwomba Mama Kuku radhi kwa kila moja. Lakini mengi yalitoboka, na chumba kikajaa milio ya vifaranga.

"Nami nina kosa," shangazi alimwambia wakirudi nyumbani. "Nilipaswa kukagua orodha yako kabla ya kupika. Nilisikia 'nimeelewa' nikaridhika. Lakini wewe ulifanya kama kile kioo, mwanangu. Kilionyesha namba nzuri huku ndani pana baridi. Mtu asiyeelewa akisema hajaelewa, tunamweleza na kazi inaendelea. Akijifanya ameelewa, hatujui pa kumsaidia mpaka kitu kiharibike. Na uliposema kweli, hata kwa kuchelewa, ndipo tulipojua pa kutengeneza. Kuanzia leo usiniambie umeelewa mpaka unieleze kwa maneno yako mwenyewe."

Kesho yake shangazi alifungua pampu ya maji juu ya meza na kuanza kueleza. Kaka alikuwa mlangoni na chungwa lake.

"Umeelewa?" shangazi aliuliza.

"Sijaelewa."

Kaka aliangua kicheko. "Leo kweli mvua itanyesha!"

"Wewe unayecheka," shangazi alisema bila kugeuka, "njoo basi utueleze."

Kaka alimeza chungwa, akakuna kichwa. "Aa... hata mimi sijaelewa."

"Safi. Vuteni viti, wote wawili. Tunaanza mwanzo."