Kamba ya Ngazi Iliyofunga Msalaba

Haya aliniambia Casilda mwenyewe, Jumapili iliyopita, tukipukuchua mahindi barazani kwangu. Nayaandika ili nanyi majirani myasikie.

Tarehe tatu Mei, sikukuu ambayo waashi huweka msalaba wa maua juu ya jengo, Casilda na mumewe Eleuterio walikula tamale, vitumbua vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwa maganda, asubuhi wakitaniana. Eleuterio alikuwa mkaguzi wa majengo yaliyopasuka kwa tetemeko. Siku hiyo alikuwa na boriti moja tu ya kutazama, kwenye jengo la Don Fulgencio, bosi wa waashi, kisha arudi nyumbani.

Alikuta waashi wanakunywa bia. Kamba ya kufungia ngazi haikuwepo. Don Fulgencio alikuwa ameichukua kufungia msalaba wa maua juu ya paa.

"Nileteeni kamba kwanza," Eleuterio alisema.

"Ala! Mwanamume mzima anataka kufungwa kamba kama mbuzi?" Don Fulgencio alimjibu. "Panda, mama mkaguzi! Tutakushikia sketi."

Wote walicheka. Hata Nabor, mwashi aliyekuwa baba wa ubatizo wa binti wa Eleuterio, yaani kompadre wake, alicheka. Jamani, kicheko hicho ndicho kilichompandisha.

Ngazi iliteleza. Akaangukia mgongo juu ya rundo la matofali.

"Don, siisikii miguu yangu!"

"Mtoeni hapa mkamweke barabarani kabla gari la wagonjwa halijafika," Don Fulgencio aliamuru. "Nabor, mmwagie bia. Alikuja amelewa, akaanguka huko nje. Tumeelewana?"

Wakamburuta. Nabor akammwagia chupa nzima kifuani. Hospitali wakaandika: mlevi. Kwa neno hilo ofisi yake ikakataa kulipia matibabu, na miguu haikuamka tena.

Casilda alimfuata Nabor nyumbani. "Kompadre, nenda ofisini ukaseme ukweli. Wewe ndiye uliyemshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo."

"Komadre, kazi yangu iko kwa Don. Na mumeo alipanda kwa miguu yake mwenyewe."

Akafunga mlango.

Sasa Casilda humgeuza mumewe kila baada ya saa mbili, asioze mgongo. Juzi mchana niliwapelekea supu. Eleuterio alikunywa vijiko vitatu, akasinzia. Casilda akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda, mkono bado begani kwa mumewe, naye usingizi ukamchukua.

Funzo

Ngazi isiyofungwa usiipande, wakuite jina lolote. Wanaokucheka hawatakuuguza. Nawe uliyeona mwenzio akianguka ukanyamaza, jua kwamba umemwangusha mara ya pili.